Linanukia Sabuni

Mtoto alikuwa amesimama nje ya uzio, begi mgongoni, sweta la shule amelifunga kiunoni. Pua ameipenyeza kwenye tundu la wavu, ananusa waridi langu. Ilikuwa saa nne asubuhi, wiki ya mitihani, wakati ambao wadogo huruhusiwa mapema ili wawapishe wakubwa. Mimi, siku hiyo sikwenda kazini, nilikuwa nimeinama nyuma ya geti nang'oa magugu, hakuniona.

"Njoo unuse," alimwita mwenzake. "Linanukia sabuni."

Mwenzake akaja, akanusa, akakubali. Kisha wakaanza kubishana ni sabuni gani: ile ya pinki ya kila siku, au ile ambayo mama yake huitoa kabatini akija mgeni. Hawakupatana. Waliponiona wakatoka mbio, kana kwamba kunusa nako ni wizi.

Nilicheka peke yangu. Jioni nikamsimulia baba watoto, naye akacheka. Mambo yangeweza kuishia hapo.

Hayakuishia.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikifua, nikipita dukani pale Soweto, hapa hapa Mbeya, nikisubiri bajaji Mwanjelwa, na kauli ya yule mtoto inanirudia. Hakuwa amekosea, hilo nililikubali mapema. Ila kwake sabuni ilitangulia, ua likaja baadaye likaigiza. Nikawa najiuliza: angelijulia wapi kwamba mpangilio ni wa kinyume?

Karatasi ya sabuni

Nilianza na ushahidi uliokuwa karibu. Bafuni kulikuwa na karatasi ya sabuni, nikaigeuza upande wenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Mwishoni kabisa, baada ya mafuta ya mawese na vinginevyo, nikakuta jeranioli na sitroneloli. Hizo ni kemikali zilizomo ndani ya ua la waridi lenyewe, na zinabeba sehemu kubwa ya kile ambacho pua zetu zinakiita harufu ya waridi. Kiwandani zinatengenezwa kwa mapipa bila ua hata moja kuchumwa, au zinakamuliwa kutoka kwenye majani ya jamii ya mchaichai. Kwa hiyo mtoto alikuwa ametaja kwa pua kile ambacho maabara ingekitaja kwa mashine.

Lakini karatasi haikujibu swali langu. Niliorodhesha kichwani mahali ambapo mtoto wa Mbeya anakutana na waridi. Ukumbini kwenye harusi: la plastiki. Shingoni kwenye mahafali: la kitambaa au la karatasi ya kung'aa. Kaburini: la plastiki tena, maana linavumilia jua na mvua mwaka mzima. Kwenye kanga, kwenye kopo la mafuta ya kupaka, kwenye picha za kutakiana asubuhi njema zinazojaza simu zetu. Na tarehe 14 Februari, kama ana dada mwenye mchumba mwenye uwezo, ataliona moja la kweli ndani ya nailoni, bua refu limenyooka, lililosafiri kutoka mashamba ya maua ya Arusha.

Hilo la kweli nalo, ukilinusa, halina kitu. Majani mabichi tu, kwa mbali.

Wenzetu wa pwani walilipatanisha ua na pua zamani. Huko mrashi unapita harusini na kwenye maulidi, mtu ananyunyiziwa maji ya waridi akiwa amekaa mkekani. Huku kwetu waridi liliingia kwa mlango mwingine, kwenye bustani za misheni na vibaraza vya nyumba za Uzunguni, likabaki kuwa ua la kutazamwa kwa mbali, ng'ambo ya michongoma.

Harufu ilikwenda wapi

Watu husema waridi za siku hizi hazinukii kwa sababu ya dawa. Nami nilisema hivyo kwa miaka. Ni maelezo matamu kwa kuwa yanampata mtu wa kulaumiwa.

Mwaka 2015 watafiti, wengi wao wa Ufaransa, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Science. Walichukua waridi mbili zenye majina ya ukoo mmoja: Papa Meilland, jekundu la giza linalonukia hadi chumba cha pili, na Rouge Meilland, jekundu vilevile lakini karibu halina harufu. Wakatafuta ni jeni gani linafanya kazi kwenye petali za la kwanza na limelala kwenye la pili. Walilopata wakaliita RhNUDX1. Hilo linatengeneza kimeng'enya kinachosaidia kuzaa jeranioli, ile ile niliyoisoma bafuni. Na kilichonifurahisha mimi ni kwamba kimeng'enya hicho ni cha ukoo ambao kwa viumbe wengine, kuanzia bakteria, unajulikana kwa kazi ya usafi ndani ya chembe hai: kuondoa vitu vilivyoharibika kabla havijaleta madhara. Waridi limemchukua mfagizi likampa kazi ya kupika manukato.

Kwa hiyo ua lisilonukia halijaibiwa harufu na dawa ya shambani. Lilizaliwa hivyo, kutoka kwa wazazi waliochaguliwa kwa sababu nyingine: bua lisilopinda, petali nene zisizochubuka ndani ya boksi, uwezo wa kukaa kwenye chombo siku nyingi baada ya ndege na mnada. Hakuna aliyekaa mezani akasema tuiue harufu. Hakuna aliyeiombea nafasi kwenye boksi, basi.

Hapo ndipo nililitazama lile langu kwa jicho jingine.

Hilo langu

Mdogo wangu anayefanya kazi Arusha aliniletea kwa basi, mizizi imefungwa kwa gunia bichi, kibandiko cha kitalu kikiwa bado kinaning'inia: Double Delight. Lilitoka Marekani, likaingizwa sokoni mwaka 1977, na ni la kundi lile ambalo wakulima wa waridi huliita chotara wa chai. Mgeni akisikia hivyo nyumbani kwangu huuliza kama majani yake yanakwenda kiwandani Rungwe. Hayaendi. Ni uzao wa waridi za Kichina, ambazo zilikuwa na uwezo wa kutoa maua mara kwa mara, na zile za Ulaya zenye miili migumu. Chotara wa kwanza anayehesabiwa rasmi ni La France, la mwaka 1867, la mzalishaji wa waridi Guillot wa Lyon. Bua moja, ua moja kubwa, kikonyo kirefu.

Langu linafunguka likiwa na rangi ya maziwa mazito. Kisha jua likiligusa, kingo zinaanza kuiva nyekundu, na wekundu unatambaa kuelekea ndani siku baada ya siku. Mionzi mikali ya jua ndiyo inayopaka rangi hiyo. Likifunguka chini ya kivuli hubaki limepauka. Kwa mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, jua la Septemba haliulizi hodi. Ua lililofunguka Jumatatu likiwa jeupe, Alhamisi limekolea hadi wapita njia wanadhani nina miche miwili ndani ya shimo moja.

Wengi wanasimama kwa ajili ya rangi. Kuna binti anayeuza nguo mitandaoni, alileta mpaka na mteja wake wapige picha mbele ya uzio. Walipiga nyingi. Hakuna aliyeinama kunusa.

Sikuwalaumu. Picha inabeba rangi vizuri, na harufu haitumiki WhatsApp.

Harufu nayo ina ratiba yake, na ratiba hiyo haimjali mwenye ua. Asubuhi ya Julai, saa kumi na mbili, wakati natoka nimejifunga kitenge juu ya sweta, ua limenyamaza kabisa. Baridi imezuia mafuta yasipae. Saa tatu hadi saa tano, jua likishaupata uzio na upepo haujaanza, ndipo linasema. Mchana likipigwa na jua la wima na vumbi la Septemba, imekwisha. Sasa hesabu mwenyewe nani yuko barabarani saa nne asubuhi siku ya kazi. Mimi niko kazini. Baba watoto yuko kazini. Walioko ni akina mama wanaotoka sokoni, wauza maparachichi wenye mabeseni, bodaboda wanaosubiri abiria, mafundi, na watoto walioruhusiwa mapema.

Kwa maneno mengine, nalipalilia ua ambalo sehemu yake bora inaliwa na watu wengine.

Jirani anauliza kama linaliwa

Mama jirani aliuliza hivyo kweli, mara tu nilipolipanda.

"Linaliwa hilo?"

"Haliliwi, jirani."

"Haya."

Hiyo "haya" yake ilikuwa nzito. Nisiwachekeshe watu kwa swali lake, maana lina mantiki ya huku kwetu. Kule Kitulo, ambako tangu 2005 ni hifadhi ya taifa na tunapapeleka wageni tukijisifu kwa jina la Bustani ya Mungu, okidi zilichimbwa kwa magunia kwa ajili ya viazi vyake, vikavuka Tunduma kwenda Zambia kuwa chikanda, chakula cha huko. Ua linaloliwa lina kesi yake. Ua lisiloliwa linatakiwa kujieleza.

Na eneo lenyewe ni dogo. Kutoka getini hadi barazani ni hatua chache tu. Upande wa kushoto nina chainizi na vitunguu vya majani, upande wa kulia waridi na mti wa mrosmeri uliokataa kufa. Oktoba maji yakija kwa mgao, ndoo inapita mbele ya chainizi kwanza, halafu inafika kwa waridi, na kuna jioni nimesimama na ndoo mkononi nikijisikia mpuuzi. Maji ya kusuuzia nguo yamenisaidia kutuliza dhamira, pamoja na tandazo la pumba za mpunga ambazo mashineni huwa wanazitafutia pa kuzitupa. Udongo wetu wa volkeno, wenye vile vijiwe vyepesi vinavyoelea kwenye maji, unapitisha maji haraka kuliko waridi linavyopenda. Samadi iliyooza vizuri na matandazo ndiyo yanayoushikisha.

Sijawahi kumpa mama jirani jibu lililomridhisha. Nilichojaribu siku moja ni kumwambia aje saa nne. Alikuja, akanusa, akakaa kimya, kisha akasema linamkumbusha mafuta ya nywele ya shangazi yake miaka ile ya duka la ushirika. Halafu akarudi kwenye hoja yake: ningepanda stafeli.

Kikombe cha maziwa

Tulikorofishana kidogo tu, na ilikuwa juu ya maziwa.

Mwezi Mei, mvua zikishakata na usiku ukianza kupoa, Double Delight linashikwa na ubwiri unga. Si uzembe wa mtu, ndivyo lilivyoumbwa. Harufu na sura lilipewa, kinga ya ubwiri halikupewa. Majani machanga yanajikunja, yanavaa unga mweupe, chipukizi la ua linadumaa. Ugonjwa huu hauhitaji majani yaliyolowa kama ule wa madoa meusi wa masika. Unapenda hali yetu hii hii: usiku baridi wenye hewa ya unyevu, mchana mkavu.

Dawa za dukani zipo. Sikutaka kupulizia ua ambalo watu wanaweka pua. Nikakumbuka kazi ya Wagner Bettiol, mtafiti wa Brazil, aliyeonyesha mwaka 1999 kwamba maziwa mabichi yaliyochanganywa na maji yanazuia ubwiri unga kwenye mimea ya jamii ya maboga. Sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, unapulizia mara moja au mbili kwa wiki, jua likiwapo.

Mama jirani akanikuta na bomba la mkono.

"Jirani, hayo ni maziwa?"

"Ni kikombe kimoja tu, mengine maji."

"Watoto wamekunywa?"

Walikuwa wamekunywa. Lakini swali lilikuwa limeshatua. Tunaishi karibu na ng'ombe wa Uyole na wa Rungwe, maziwa si dhahabu, na bado kuna nyumba mtaani kwetu ambazo chai ya rangi ndiyo chai. Nilimaliza kupulizia nikiwa nimempa mgongo. Usiku nikalala nalo.

Sasa hivi natumia maji ya kusuuzia sufuria ya maziwa na jagi, ya siku mbili. Ni mepesi kuliko kipimo cha Bettiol na hayaondoi unga wote. Majani ya chini nayavua kwa mkono, nayachoma. Ua linatoka na makovu kidogo, na mimi naweza kumtazama jirani. Kwa vidukari ni rahisi zaidi: maji yenye sabuni ya kipande, unapulizia chini ya majani. Ndiyo, sabuni. Nimeshaliona hilo, msiniandikie.

Mwenye nyumba anarudi

Kijana anayebebesha miche ya parachichi kule Tukuyu alikuja mjini kuleta mzigo, akapita kunisalimia. Ni mtu wa kazi yake: tangu watu waanze kung'oa kahawa na kupanda parachichi za kusafirisha nje, amekuwa hapumziki. Hajawahi kuwa na haja na maua. Lakini alipopita mbele ya waridi alisimama, akachuchumaa, akagusa tawi moja refu la kijani lililokuwa limechomoza kwa chini, mimi nikilifurahia kwa jinsi lilivyokua haraka.

"Mama, hili siyo ua lako. Hapa mwenye nyumba anarudi."

Akanionyesha kivimbe karibu na ardhi, mahali jicho, yaani chipukizi lililolala, la Double Delight lilipobandikwa juu ya shina la waridi pori. Tawi lile lilitokea chini ya kivimbe. Miiba yake ilikuwa mingi na midogo, majani yamepauka. Lingeachwa, lingekula chakula cha mengine yote na mwishowe ningebaki na kichaka chenye viua vidogo na nisijue la kwangu lilikufa lini. Alifukua udongo kwa vidole hadi lilipoanzia, akalishika, akalivuta kwa nguvu kuelekea chini likang'oka na kisigino chake. Ukilikata kwa mkasi, alisema, unaacha macho, na yatachipua kwa hasira.

Nilimuuliza kama anaweza kunibebeshea mengine. Alilitazama lile ua, na kwa mara ya kwanza akalinusa.

"Hili unauza bei gani?"

"Siuzi."

Alicheka kwa heshima, kama watu wa kwao wanavyocheka mbele ya mtu aliyewazidi umri. Lile tawi la mwenye nyumba hakulitupa: alilikata vipande, akavichomeka kwenye makopo ya mchanga vitoe mizizi, viwe mashina. Akarudi mvua zilipochanganya, kipindi ambacho gome linaachia vizuri. Alichana herufi T kwenye gome la kila shina, akachomoa jicho kutoka kwenye tawi lililotoka kuchanua, akaliteleza ndani, akafunga kwa nailoni. Kazi ya pumzi chache kwa kila mmoja. Fedha alikataa. Alitaka macho matatu afunge kwenye mfuko wenye unyevu, ayapeleke nyumbani kwao Tukuyu kwa mama yake. Sikuwa nimemtegemea mtu wa bei za kilo kuchagua malipo hayo, nami sikumuuliza.

Wezi wa Februari

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari, nakatiwa. Mwaka huu hawakuchukua ua tu, walivunja tawi zima likaning'inia kwa gome. Baba watoto alitoka na tochi, akatazama, akasema kile alichokuwa akikisema kwa muda mrefu: huu wavu utoke, tujenge ukuta. Tofali za saruji, mita mbili, geti la bati. Na ndani tumwage pevingi, gari likae. Mtaa mzima umeshajenga, tumebaki sisi na wavu wetu, watu wanahesabu vitunguu tulivyopanda.

Ana haki. Sitaki kumfanya mkorofi wa hadithi hii. Ukuta huku kwetu ni usalama, na tusidanganyane, ni heshima pia. Mtu aliyehangaika miaka kumi kazini anataka kuona kitu kimesimama. Na mimi mwenyewe, asubuhi ile nikitazama gome lililochanika, nilikubali. Nilisema jenga.

Halafu nikaenda kukata lile tawi vizuri, nusu sentimita hivi juu ya jicho linalotazama nje, ili maji yasituame. Wakati nakata nikagundua kwamba mwizi alikuwa amefanya, vibaya, kazi ambayo ningeifanya mimi. Waridi la aina hii linataka kukatwa. Ua likiachwa likazeeka na kufanya tunda, mmea unaona umemaliza kazi. Likiondolewa, unasukuma chipukizi jipya na baada ya wiki sita au saba unachanua tena. Huku kwetu hakuna theluji ya kuulaza, kwa hiyo mwisho wa Julai inabidi niulaze kwa mkasi, niupunguze hadi magotini, matawi manne matano, na maji niyapunguze. Wezi wa Februari wamekuwa wakinipogolea bure. Kilichobaki ni kuwafundisha pa kukatia.

Ukuta ni jambo jingine. Ukuta unampogoa mpita njia.

Nikifikiria mita mbili za tofali kati ya lile ua na barabara, naona litabaki kuwa langu peke yangu, na mimi saa nne sipo. Litanukia kwa ajili ya gari. Nje watabaki na rangi, na hata rangi hawataiona.

Hoja niliyopeleka mezani

Sikumwambia baba watoto hayo. Namfahamu. Ukimpelekea habari za pua za watu atakusikiliza vizuri sana, kisha atampigia fundi.

Nilimwambia habari za madoa meusi. Masika yetu, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, majani yanalowa na kuchelewa kukauka. Kuvu wa madoa meusi anahitaji jani libaki limelowa saa saba hivi ili aingie. Kinachokausha jani ni jua la asubuhi na upepo unaopita. Ukijenga ukuta mzima upande wa barabara, ambao ndio wa mashariki, umeondoa vyote viwili. Waridi litavuliwa majani kabla ya Pasaka, na lile shimo alilochimba yeye mwenyewe, kwa sururu, kwenye ule mwamba, litakuwa la bure. Kila neno lilikuwa kweli. Ila hilo silo lililokuwa likiniuma.

Alifikiri. Akauliza kuhusu yale matofali ya matundu wanayoweka kwenye ngazi na stoo.

Sasa hivi tunabishana juu ya urefu. Yeye anasema matundu yaanze mita moja na nusu, mkono wa mwizi usifike. Mimi nasema yaanze kiunoni, kwa sababu hewa nzito na unyevu hukaa chini, jambo ambalo nalo ni kweli. Fundi yuko upande wangu, ingawa nadhani ni kwa kuwa tofali la matundu lina bei zaidi na yeye ndiye anayeyafyatua. Tofauti ya bei inatoka kwenye mchezo wangu wa akina mama, zamu yangu ni Agosti. Pevingi itaishia mita moja kabla ya ukuta. Msingi utachimbwa Julai, waridi likiwa limepogolewa, ili mafundi wasipate cha kuvunja.

Mama jirani ameomba kopo moja la yale yaliyobebeshwa. Anasema atalipanda karibu na stafeli.